Mwanamke Mmoja Chini ya Paa

Tangu nirudi mnaniuliza Nairobi kukoje, nami nawajibu "kuzuri," kisha nainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka. Mnanijua. Kusema mbele ya watu siwezi, hata kuitika jina darasani sauti hunikwama. Kwa hiyo naandika. Someni mmoja mmoja, na tafadhali msisomeane kwa sauti bwenini, maana humu mna habari za kambi na mna habari za shangazi yangu, na sijui zipi kati ya hizo zinaniogopesha zaidi.

Kabla ya treni

Shangazi Afoyo ni dada yake baba. Mnamkumbuka, ndiye aliyekuwa akiniletea karanga siku za wageni. Aliolewa kwetu West Nile, akakaa na mumewe miaka mingi bila mtoto, mwisho mume akamrudisha kwa ndugu zake kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka. Ndugu zake ndio sisi. Akaja kukaa nasi katika vyumba vyetu viwili kwenye kambi ya polisi, Naguru, akapata kazi ya kushona kola katika kiwanda cha mashati.

Kiwandani kulikuwa na fundi wa mashine Mjapani, Bwana Mori. Siku moja nilipompelekea shangazi chakula, Bwana Mori alinichorea mti kwa chaki sakafuni. Akachora mti wa pili, akaweka wa tatu juu ya hiyo miwili. "Miti mitatu," akasema. "Msitu. Hiyo jina yangu." (Ni hivi: 森.) Wajapani wana herufi za namna hiyo maelfu, wanaziita kanji, na kila moja ina maana yake. Nilirudi nyumbani nikiwa nimerogwa.

Baadaye vipuri viliadimika, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, na Bwana Mori akahamia Nairobi kufungua karakana. Alimwachia shangazi neno: akiweza kusoma maandishi yaliyobandikwa kwenye mashine, hatari ni ipi, mafuta yanatiwa wapi, basi kazi ipo. Asipoweza, haipo. Na mimi akaniachia kitabu cha herufi cha watoto wa kwao, kila herufi kaiandikia maana pembeni kwa Kiingereza.

Mimi ndiye niliyejitia mwalimu. Nilikata kadi kutoka kwenye yale makaratasi magumu wanayoyatia ndani ya shati ili lisikunjike, nikachora herufi moja kwa kila kadi. Namna zinavyotamkwa sikujua hata moja, kwa kuwa kitabu hakina mdomo. Maana tu. Na maana huingia kichwani kwa hadithi: unaivunja herufi vipande, huyu mtu, hii nyumba, haya matone, kisha unavitungia kisa.

Hapa ndipo nilipokosea, na mnielewe vizuri. Kwa kila herufi nilikuwa na hadithi mbili. Ya kwanza niliyomfundishia shangazi, hadithi ya adabu. Ya pili ndiyo niliyokumbukia mimi mwenyewe. Maana hadithi ya adabu haishiki, asubuhi umeisahau. Inayoshika ni ile yenye mtu unayemjua na jambo ambalo huwezi kulisema mbele yake.

Kampala hadi Jinja

Treni ilikuwa iondoke asubuhi. Ikaondoka jua likiwa limeshaanza kupinda, bila mtu kutuambia sababu, na hakuna aliyeuliza. Siku hizi hatuulizi.

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Kiganda, mfanyabiashara wa soko la Kalerwe, kavaa busuti ya manjano iliyojaa benchi zima. Watu walimwita Nalongo, yaani mama wa mapacha. Alikuwa na kikapu cha kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, akamgawia kila mtu kabla hata hatujamsalimu. Wapo watu wa hivyo, wanakulisha kwanza ili usiweze kukataa maswali yao.

"Nnyabo, bibi," akamwambia shangazi, "mimi nimezaa tisa, mara mbili mapacha. Wewe unao wangapi?"

Shangazi alikuwa anatafuna. Akameza, akaweka mkono wake juu ya goti langu. "Huyu hapa," akasema.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Lakini nilisikia mashavu yakiwaka, kama nimeshikwa na uongo usio wangu, nikasema, "Huyu ni shangazi yangu."

Nalongo akasema "Aaa," akanitazama, akamtazama shangazi, akafunika kikapu. Mkono wa shangazi ulibaki gotini pangu kidogo, halafu ukaenda kurekebisha kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa na kasoro.

Jinja hadi Tororo

Baada ya Jinja treni ilisimama katikati ya mashamba ya miwa. Ikasimama hata watoto wa shambani wakaacha kutushangaa, wakaenda zao. Ikawa ndiyo nafasi ya kadi.

"Hii?"

"Mafuta," shangazi akasema. "Matone matatu kando ya debe, mpishi hodari hamwagi."

"Hii?"

"Simama. Ni mguu wa mtu mwenye adabu aliyefika mlangoni."

"Hii?"

Akaitazama. "Hii hunikimbia. Ya mfalme hii."

Ilikuwa herufi ya "funga": nguzo mbili za lango na katikati kitu kama mti wa kuzuia njia (閉). Nilimwambia mfalme kafunga lango lake. Lakini yeye na mimi wafalme tunawajulia wapi? Haikumshika.

Kando yetu kijana mmoja Mkongo, muuza vitenge, alikuwa akizungumza na Nalongo habari za Kenya, kwamba huko chumvi iko, sabuni iko.

"Na tena wao wanapiga kula," Nalongo akasema.

"Mama, huku hata kula yenyewe ni matata, nani ataipiga?"

Behewa likacheka. Mnajua Waganda na hiyo r yao. Nalongo akaona hakueleweka, akatikisa kichwa. "Sisemi chakula. Kula ya kutia kwenye sanduku. Ya kuchagua wakubwa."

Kicheko kilikatika kama uzi. Kila mtu akageukia dirisha lake kutazama miwa. Nalongo mwenyewe akafunua kikapu, akala, akafunika tena. Hatimaye treni ikaanza kwenda.

Tororo

Tororo wanajeshi walipanda kukagua. Wawili walipekua mizigo, na wa tatu, sajini mwenye mwili mkubwa na macho ya mtu asiyelala, alikuwa akitembea nyuma yao polepole. Alisimama kwetu. Kadi zilikuwa mapajani mwangu, sikuwahi kuzificha. Akachukua ya juu.

"Wewe msichana. Hii kitu nini?"

"Lango, afande."

"Lango ya wapi?"

Hadithi ya adabu ilikuwepo, mfalme na lango lake. Niliifungulia mdomo itoke. Lakini mkiogopa mtaona, kichwa hakitoi kilichopangwa, hutoa kinachokijua.

"La kambi ya polisi, afande. Naguru."

"Na hii mti iko katikati?"

"Kizuizi. Jioni wanakishusha. Baba yangu huwa anakishusha."

Sajini aliigeuza kadi, akaitazama nyuma, akaitazama tena mbele. "Kwa hiyo wewe nachora kambi ya serikali," akasema taratibu, "halafu napeleka Kenya."

Yule Mkongo aliinuka akaenda kukaa mwisho wa behewa. Shangazi akasema, "Afande, huyu ni mtoto wa askari. Hizo ni herufi za Kijapani, ni za kazi yangu mimi."

"Mama, mimi sikuuliza wewe." Akachomoa kadi nyingine katikati ya rundo, akanishikia karibu na uso. "Kama hii ni herufi, soma. Ukidanganya, nyinyi wote mbili nashuka hapa na mimi."

Mnajua maana ya kushuka na wao. Jirani yetu kambini alishuka. Mkewe bado anampikia.

Kadi ilikuwa hii: 安. Nilianza kueleza, na sauti yangu ilikuwa ya mbu. Juu ni paa la nyumba, afande. Chini yake ni mwanamke ameketi, hii ni miguu yake ameipishanisha. Mwanamke akiwa ndani ya nyumba, maana yake ni salama.

"Wapi," akasema sajini. "Nyumba yangu iko wanawake mbili. Sijaona salama hata siku moja. Wewe nadanganya mimi."

"Ni kweli, afande," nikasema, na maneno yakanitoka yote kwa pamoja. "Ndiyo maana hapa ni mmoja. Wakiwa wawili salama inaondoka. Kwetu yupo mama, na yupo shangazi, na jiko ni moja. Shangazi akipata kazi Nairobi atabaki mama peke yake. Ndipo salama itakuja. Ndivyo ninavyoikumbuka hii."

Sajini alinitazama. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka akajishika kwenye chuma cha rafu, akawaita wenzake, akawasimulia: jiko moja, wanawake wawili, na Mjapani kule kwao anajua. Wenzake wakacheka, na behewa zima likacheka, kwa sababu hofu iliyokuwa imejaa mle ilikuwa inatafuta mlango wa kutokea. Nalongo alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya busuti.

"Shangazi yenyewe iko wapi? Ni huyu?"

Nikaonyesha kwa kidole. Naapa sikufikiri. Nilimwonyesha kwa kidole, kama mtu anayeonyesha mzigo wake.

"Mama, nasikia? Huyu mtoto nakufukuza kwa Kijapani." Akazitupa zile kadi mbili mapajani mwangu, rundo likamwagika, akatia alama ya chaki kwenye sanduku letu. "Nenda Nairobi haraka, watu napata salama."

"Asante, afande," shangazi akasema.

Hakunitazama. Alizikusanya kadi zilizoanguka sakafuni, akazipangusa moja moja kwa kanga, akazifunga kwa uzi. Nalongo alikuwa ameshaacha kucheka. Kabla ya kuteremka aliinua kikapu kizima cha kabalagala, akamwekea shangazi mapajani, akaondoka bila neno.

Malaba hadi Nakuru

Tuliingia Kenya, na sikuona tofauti ya miti wala ya udongo. Tofauti niliiona kwenye stesheni moja ambapo muuza chai alitusogezea bakuli la sukari, bakuli lililojaa, na kijiko ndani. Nikamuuliza kama kijiko kimoja kinaruhusiwa kwa watu wawili.

"Weka tu dada, si dawa," akasema, na wasafiri wa Kenya wakatugeukia. Wakaelewa tumetoka wapi. Nikatia vijiko vitano, chai ikawa uji, nikainywa hivyo hivyo ili nisionekane nimekosea.

Shangazi alikunywa yake bila sukari.

Nilitaka kuomba msamaha. Nililipanga neno hilo tangu mpakani, nikalisema moyoni kila nilipoona nguzo ya simu inapita. Lilipofika mdomoni likawa, "Shangazi, tuendelee na kadi?"

Alifungua ule uzi, akachomoa kadi ya mafuta, akaishika.

"Matone matatu na debe. Mpishi hodari. Wewe mwenyewe unaikumbukia hiyo?"

Nikajidai kuzipanga kadi zilizobaki.

"Atimango, nakuuliza."

"Hapana, shangazi."

"Basi nipe zako."

Nikampa. Sijui kama mmewahi kuvuliwa nguo mbele ya mtu, huku mnaovuliwa ni nyinyi na nguo zenyewe ni zake. Mafuta: Mama anavyompimia shangazi mafuta ya kupikia, matone matatu, huku debe limejaa chini ya kitanda. Simama: mguu wa mumewe alioutia mlangoni siku aliyokuja kwetu kuchukua cherehani yake. Sindano, ambayo ni dhahabu na kumi: watu wanasema mahari yake ilikuwa ng'ombe kumi, na alirudi bila hata sindano ya dhahabu kumwonyesha mtu. Niliyasema hayo yote nikitazama nje, kwenye mashamba ya ngano yasiyo na mwisho.

Nilipomaliza ile ya mafuta alisema, "Mama yako hupima manne. Umenipunja tone moja." Sikujua kama nicheke. Sikucheka.

Lile lango la kambi ndilo pekee alilolifurahia. "Hii sasa naijua," akasema. "Baba yako na kile kizuizi chake, hukishusha kama anayemlaza mtoto." Akarudia zote, za adabu akaziacha, na hakukosea tena hata moja. Tulipofika Nakuru alikuwa ananiuliza yeye mimi.

Nairobi

Mtasema niwaeleze majumba. Majumba ni marefu. Mimi niliona karakana ya Bwana Mori, upande wa viwandani, yenye mashine mpya zilizofunikwa turubai na harufu ya mafuta ileile ya Kampala.

Bwana Mori alimshika shangazi mikono yote miwili. Kiswahili chake alijifunzia kiwandani, hivyo kila kitu kwake ni mashine. "Bibi Afoyo, safari ilikata uzi?"

"Ilikata kidogo, Bwana Mori. Tumeunga."

Jaribio lilikuwa papo hapo, wamesimama, mimi nimebanwa kati ya mlango na kabati. Aligusa bati kwenye mashine ya kwanza. Mafuta, akasema shangazi. Aligusa jingine. Sindano. Simama. Funga. Kila alipojibu, nilijua ni nini kinachopita kichwani mwake, ni jiko letu na mguu wa mumewe mlangoni, na nilitamani niingie kabatini.

Halafu akaonyesha ubao mkubwa ukutani, wenye maandishi mekundu. Herufi ya kwanza ilikuwa ile, paa na mwanamke. Katika kila karakana ya Wajapani wanaitundika, maana ndiyo inayoanzisha neno la usalama kazini.

Shangazi aliikazia macho. Bwana Mori akasubiri. Nilijua anaijua. Nilijua pia kwamba akitaka anaweza kusema hajui, na nikajikuta, Mungu anisamehe, naomba asiseme hivyo, kisha nikajiuliza naomba kwa ajili yake au kwa ajili ya jiko letu.

"Nyumba," akasema hatimaye. "Ndani mna mwanamke mmoja. Mmoja tu, Bwana Mori. Wakiwa wawili hakuna. Ni salama."

Bwana Mori aliitazama ile herufi kama hajawahi kuiona. Akacheka, akapiga paja. "Mmoja tu. Kweli. Mama yangu akija kukaa, mke wangu anasema hivyo hivyo."

Shangazi naye akacheka, kile kicheko chake cha kazini. Kazi akaipata siku ileile, pamoja na chumba kidogo nyuma ya karakana, kitanda kimoja, jiko la mkaa mlangoni. Alikifagia, akazunguka ndani yake, akagusa kuta. Akasema, "Paa halivuji." Hilo tu.

Kurudi

Nilikuwa nikae naye likizo yote. Kesho yake akasema treni ipo, afadhali niwahi. Katika kurudi hakuna la kusimulia. Tororo walipanda wanajeshi wengine, wakapekua, wakateremka, na hakuna aliyeniuliza chochote, nikaona aibu hata kwa hilo.

Nyumbani Mama aliipokea sukari niliyotumwa nayo, akauliza shangazi anarudi lini. Nikasema amepata kazi. Mama akakaa chini. "Alhamdu," akasema, kisha, akiipakata ile sukari, "atapikiwa na nani?" Sasa nalala kwenye kitanda cha shangazi. Ni kizuri, sina usingizi.

Lakini lipo jambo la stesheni ya Nairobi, kabla treni haijaondoka. Mimi nilikuwa ndani, yeye nje, dirisha kati yetu limefunguliwa. Nilikuwa bado nalitafuta lile neno la msamaha. Akaniambia nitoe mkono. Akakikunjua kiganja, akachora kwa kidole, polepole, kama anavyochora mtu aliyejifunza jana.

"Nimemuuliza Bwana Mori," akasema. "Mtoto wa kike wa kaka yako, kwao wanamwandikaje. Wanaye. Upande huu mwanamke. Upande huu kufika."

Nilikitazama kiganja, hakikuwa na kitu. (Nyumbani nimeitafuta kitabuni. Ni hii: 姪.)

"Hadithi yake ni ipi, shangazi?"

"Ziko mbili. Ya adabu ni kwamba wewe ndiye uliyenifikisha."

Treni ikashtuka, mabehewa yakagongana. Akatembea nayo hatua chache, mkono wangu bado uko mkononi mwake.

"Na ya pili?"

"Ya pili," akasema, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja, "ndiyo ninayoikumbukia."